Ndimi Zilizovishwa Soksi

Usiku wa jana niliota tumekaa barazani kwa Wakili Mastidia, hapa hapa Dodoma, klabu nzima ya waonjaji, na mezani kuna chupa za mvinyo wa Australia zilizovishwa soksi za shule. Hilo la soksi si la ndotoni. Ndivyo tunavyofanya kila mwisho wa mwezi: chupa inafichwa ili mtu aonje bila kusoma karatasi yake, kisha tunalinganisha, kisha tunabishana mpaka mwenye nyumba achoke. Tunaishi katika mji uliozungukwa na mashamba ya zabibu, lakini za hapa hatuzitaji. Zinatutia aibu kidogo, kama shangazi anayeongea kwa sauti kubwa.

Hata ndotoni nilikuwa na wasiwasi wangu. Kesho yake nilitakiwa kuwa mshenga. Mtoto wa mama yangu mdogo, Yaledi, alikuwa anaposa, na wakwe ni watu wa maneno. Ukikosea salamu tu wanakuongezea ng'ombe. Yaledi alishaniambia, "Kaka, sisi wengine hatujui kuongea. Wewe ndiye mdomo wetu." Basi nikajiambia nitaonja kidogo, nitatema kama kanuni inavyotaka, halafu niwahi kulala.

Mwenyekiti wetu, Bwana Kisanji, akazungusha glasi na kuingiza pua mpaka miwani ikalowa. Bwana Kisanji amestaafu benki na hajawahi kufika mbali zaidi ya Mombasa, ila Australia anaizungumzia kama mtu aliyeachiwa shamba huko na babu yake.

"Mvinyo mwekundu, Shirazi," akasema. "Bonde la Barossa. Naonja tandiko la farasi. La zamani."

Mlango ukagongwa. Tandiko la farasi likaingia, likafuta vumbi, likaketi.

"Nimesikia nimetajwa," likasema. "Nani ananifahamu hapa?"

Mastidia akamwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu. Tandiko likamkagua kuanzia miwani mpaka viatu.

"Simjui huyu bwana. Aliwahi kunilamba?"

"Kitaalamu," akajibu Bwana Kisanji.

Mastidia, ambaye hapendi kushindwa, akasema yeye anaonja jiwe la mtoni lililolowa. Jiwe likaingia likichuruzika maji kwenye zulia na kumuuliza walikutana mto gani. Mastidia akasema walikutana kwenye makala fulani. Mtu mwingine akataja mkaratusi. Mkaratusi ukapita mlangoni kwa kuinama, ukakataa kiti, ukasema una haraka kwa sababu kuna klabu Arusha nayo imeutaja.

Wageni wakawa wengi kuliko viti. Mastidia akaenda jikoni kukaanga maandazi, maana mgeni ni mgeni.

Zamu yangu ikafika. Ndoo ya kutemea ikapanda mezani. Kumbe ndiyo hakimu. Ilikuwa imelewa chakari, kwa sababu sisi huonja na kutema, na katika klabu yetu nzima ni yenyewe tu iliyowahi kunywa.

"Ndugu Ndahani," ikasema, ikiyumba. "Unaonja nini?"

Nikaonja. Nilitaka kusema tumbaku, nikaogopa itakuja na wakulima wake wa Urambo wakitaka chakula cha jioni.

"Zabibu," nikasema.

Bwana Kisanji akashika kifua. Mastidia akatoka jikoni mbio kufunga madirisha, majirani wasisikie.

"Zabibu?" Ndoo ikauliza. "Kwenye mvinyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tangu klabu hii ianzishwe hakuna mtu aliyewahi kuonja zabibu. Twende tukahakikishe."

Hapo hapo tuko Barossa. Barossa iko nyuma ya soko la Majengo, ukishapita wauza mitumba. Mizabibu imejipanga mpaka mlimani, na jua ni lile lile letu. Naisalimu mizabibu kwa adabu, nikidhani itanijibu Kizungu.

"Mbukwenyi," mzabibu wa mbele unajibu, kwa Kigogo kisicho na doa.

"Mmejifunzia wapi?"

"Sisi ni mizabibu. Anayetulimia tunamwelewa. Asante kwa kututaja, bwana. Tunafanya kazi mwaka mzima, halafu sifa linapewa tandiko."

Tandiko, lililokuwa nyuma yetu, likasema halijawahi kuomba sifa hizo. Niliwahurumia wote, nusura nilie.

Ndoo ikagonga mpini wake. "Mmeonja vya kutosha. Leo mvinyo ndio utakaowaonja ninyi. Vueni ndimi."

Tukavua. Tukazipanga kwenye mkeka kama viatu mlangoni mwa msikiti, na Mastidia akazivisha soksi moja moja ili pasiwe na upendeleo. Tukaendelea kuongea kama kawaida na hakuna aliyeona ajabu.

"Ulimi utakaoshika mkia," Ndoo ikatangaza, "utatiwa kwenye pipa la mwaloni mwaka na nusu, ukomae."

"Mheshimiwa, mimi kesho nina posa!"

"Posa haina haraka."

"Hii ina haraka. Binti ana wachumba wengine, na mmoja ana trekta."

Ndoo ikasema trekta si hoja ya kisheria. Nikamtazama Mastidia anitetee, akajifanya anarekebisha soksi. Nilimwona Yaledi akilini, kakaa mbele ya wakwe na suti yake ya kuazima, na mimi pembeni yake nikitabasamu tu kama picha ya ukutani.

Chupa ya Shirazi ikashuka mezani, maana meza nayo ilikuwa imetufuata, ikachukua soksi ya kwanza, ikanusa, ikaonja.

"Ugali wa uwele," ikasema. "Mlenda. Na woga, kwa mbali."

Nikautambua wangu.

"Woga wa nini?" ikauliza chupa ya Riesling, mvinyo mweupe.

"Wa wakwe."

Shirazi ikautema, ndoo ikapokea. Mama yangu alinifundisha kwamba mgeni akitema ulichompa amekutukana, na mimi nimetema vya watu miaka mingi nikiita utaalamu. Sikuwahi kujiuliza chupa zinajisikiaje. Sasa nikajua.

Soksi iliyofuata ilikuwa ya Mwenyekiti. Shirazi ikaonja, ikarudia, ikaipa Riesling nayo ionje.

"Huu hauna ladha," Riesling ikasema. "Una karatasi. Karatasi na gundi."

"Ile karatasi ya nyuma ya chupa," Shirazi ikakubali. "Kaisoma yote."

Bwana Kisanji akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, maana mtu mzima kuambiwa hivyo mbele ya watu, na tena mbele ya tandiko, si jambo dogo.

Ndoo ikasimama, ikakohoa, ikafungua mdomo kutaja ulimi wa mwisho. Jua likakatika.

"Jamani," sauti ya Mastidia ikasema gizani. "Sasa wanakata hata jua."

Hakuna aliyesubiri hukumu. Watu wote mkekani, viwiko, magoti, jiwe linamkanyaga mtu, mtu anapiga kelele "wangu huo!" Nikapapasa, nikashika soksi, nikachomoa ulimi na kuupachika. Ulinibana kidogo. Nikadhani ni haraka, nikakimbia kupitia mitumba mpaka kitandani kwangu.

Nikaamka. Kumekucha. Mke wangu, Merina, amesimama na kikombe.

"Baba Lea, unywe chai, Yaledi yuko njiani."

Nikashukuru Mungu kwamba ilikuwa ndoto. Nikanywa. Nilitaka kusema asante.

"Tandiko la farasi," nikasema. "La zamani. Na mkaratusi."

Merina akanusa birika. "Ni tangawizi, Baba Lea."

"Inaishia kwenye jiwe la mtoni," nikasema, nikaziba mdomo kwa mkono.

Simu ikalia. Ujumbe wa Bwana Kisanji: "Ndugu Ndahani, habari za asubuhi. Nimekunywa chai, ina ladha ya chai. Nimekunywa uji wa uwele, una ladha ya uwele, mpaka nimelia kidogo. Ila tangu niamke nawaogopa sana wakwe, na mimi watoto wangu wote wameshaoa. Una taarifa yoyote?"

Sijamaliza kusoma, Yaledi huyo mlangoni, suti imemzidi mabega, anang'aa kwa furaha.

"Kaka, mdomo wetu! Twende. Wakwe wamepiga simu, wametengeneza pombe ya uwele ya heshima. Wanasema hawasikii neno lolote mpaka mshenga aonje na kuisifu mbele ya wazee."

Nikamtazama Merina. Nikamuuliza, kwa upole, kama tuna ndoo ndogo ya kutemea, ya kwenda nayo ukweni.