Tende za Baba na Funguo za Gari

Wallahi, haya ni kweli tupu. Humu sikutia chumvi hata punje. Sukari ipo, na ndiyo iliyotuponza.

Sisi ni watu wa mitende, hapa Hufuf, Uarabuni. Mgeni akiingia barazani hupewa kahawa na sinia la tende, na kukataa tende ya mwenyeji ni kumtukana. Ndiyo maana alasiri ile, mdogo wangu Duhaim aliposukuma sinia kando mbele ya wageni wangu, niliona nimepigwa kofi.

"Daktari kanikataza, kaka." Kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda cha miezi miwili, kimefungwa bendeji. "Sukari isiposhuka kabla ya mwezi wa Hija, wanakata."

"Wakate nini? Baba yetu alimaliza sinia zima kila asubuhi! Kokwa akizitema zinavuka ukuta wa jirani, zinaua kunguru. Alifia juu ya mtende, kisu mkononi, vidole vyote kumi vya miguu vimetimia. Damu yetu haina ugonjwa huo."

Wageni wakacheka. Kisa hicho walikwisha kukisikia mara nyingi, na kila mara kunguru walizidi.

"Na kama si kweli?"

"Basi chukua funguo za gari langu, nitembee kwa miguu mpaka nife!"

Duhaim hakucheka. "Miaka sita iliyopita daktari aliniuliza kama kwetu kuna mwenye sukari. Nikamjibu hakuna, kwa maneno yako haya haya. Akasema nipime hata hivyo. Sikurudi." Akaitazama tende, akaiokota. "Haya. Isije ikasemwa nimekutukana."

"Iweke chini!"

Alikuwa dada yetu Hisa, mkubwa wetu sote, kasimama kwenye mlango wa upande wa wanawake.

"Mutlaq, mguu wa baba aliuosha nani?"

Nikainamia kahawa.

"Sema. Duhaim alikuwa mtoto wa miaka mitano, tukampeleka kwa mjomba asione. Wewe uliona."

Niliona. Sinia la tende ni kweli, baba alilimaliza miaka na miaka bila kuugua. Lakini alikwenda shambani kwa miguu, akapanda mitende thelathini, akavuta maji kwa mikono. Kisha mimi nikapata kazi idara ya maji, na mishahara yangu ya mwanzo ikamnunulia gari la mizigo na pampu. Alifurahi sana. Akakaa. Sinia likabaki lile lile. Mwaka wa nne macho yakafifia, kama ya mama yake. Wa sita, mguu ukaoza.

Gari lile sikuweza kulitia katika kisa. Nikatia kunguru.

"Kwa nini, kaka?" Duhaim aliuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa.

"Gari lililomkalisha baba nililinunua mimi."

Wageni wakaweka vikombe chini. Hisa akaketi.

"Kokwa ya ugonjwa huu alituachia baba, naye aliachiwa na bibi," alisema. "Kokwa bila maji haioti, na maji tunamwagilia wenyewe. Kokwa hiyo mimi ninayo pia. Natembea, nala tende tatu, napima. Huenda sukari ikanipata hata hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini sijidanganyi."

Duhaim akairudisha tende siniani, akanifunulia kiganja. Nikatoa funguo.

"Na kidole," akasema Hisa, akifungua kipimo chake cha sukari.

Tone moja la damu. Namba yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Duhaim.

Sasa kila alfajiri natembea mpaka shamba la baba. Duhaim anapelekwa na mkewe, ndani ya gari langu, kusafishwa kidonda. Hatujui kama kidole kitabaki. Wakinifikia hupunguza mwendo, Duhaim hushusha kioo.

"Mzee! Kunguru wangapi leo?"

"Hakuna hata mmoja," nasema, na huo ni ukweli.