Samaki wa Mwenye Usukani

Gaspard hakuwa na shida ya mashine ya boti. Kijiji kizima kilijua hivyo. Boti yake ilikuwa na mashine aliyoifunga kiangazi kilichopita, nzima, isiyo na mkwaruzo. Kwa hiyo alipoingia jikoni kwa Eulalie wiki ile ya mashindano ya uvuvi, akajimiminia chai bila kukaribishwa, na kusema kwamba wakishinda, mashine ya zawadi itakuwa ya Eulalie, shemeji yake huyo alimwamini. Mtu aliye na mashine nzima ataitakia nini nyingine?

Alichotaka Gaspard ni jina. Ukumbini kulikuwa na ubao wenye majina ya waliovua trauti mkubwa kuliko wote, yule samaki wa maji baridi, na jina la marehemu kaka yake, Alexis, mume wa Eulalie, lilikuwa pale mara mbili. La Gaspard halikuwapo. Alisema hayo kwa unyenyekevu, akitazama chini kwenye kikombe chake, na Eulalie akamwonea huruma. Baadaye huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko yote.

Eulalie yeye haja yake ilikuwa moja. Mama yake, Philomène, alitaka kwenda kambini upande wa kaskazini wa ziwa, alikozikwa baba, akae huko vuli yote akikausha samaki kama alivyofanya tangu alipoolewa. Mwaka uliopita hakwenda. Mashine ya Eulalie ilikuwa imezimika mara kadhaa katikati ya mlango mpana wa ziwa, mahali ambapo upepo wa mashariki hauzuiwi na kisiwa chochote, na maji ya ziwa hilo, Tu Nedhé, ni baridi kiasi kwamba anayetumbukia haitwi mwogeleaji, huitwa marehemu. Hakuna mwenye akili anayemvusha mama mzee pale kwa mashine inayokohoa. Philomène hakulalamika. Alikaa dirishani akitazama maji kama abiria aliyeambiwa kwamba ndege inakuja, na kwa Eulalie hilo lilikuwa baya kuliko malalamiko.

Wakakubaliana. Eulalie atashika usukani, Gaspard atashika fimbo ya kuvulia. Kwa kanuni za mashindano, mshindi ni mshika fimbo. Eulalie aliiona kanuni hiyo kuwa ya kijinga. Mwezi wa Agosti trauti wakubwa hushuka kwenye vilindi vya giza, na kuwafuata huko ni kazi ya kurambaza: mshipi mrefu wa waya unaburutwa nyuma ya boti polepole, na mwishoni mwake chambo cha bati kinayumba kama samaki mdogo aliyeumia. Mwendo ukizidi, chambo kinapanda. Mwendo ukipungua, kinanasa kwenye miamba. Yote hayo yako mkononi mwa mwenye usukani, na mshika fimbo, kabla samaki hajauma, ni abiria. Lakini kanuni ziliandikwa na mwenyekiti wa mashindano, Antoine, kwa kuiga mashindano ya mjini, na kwa kuwa mashine ilitolewa na duka la mjini, hakuna aliyetaka kubishana.

Asubuhi ya mashindano Eulalie alitia tumbaku kidogo majini kama sadaka, akaomba njia njema, akawasha mashine. Boti nyingine zote ziligeukia kwenye visiwa vya magharibi. Yeye akaelekea mashariki. Gaspard alihoji. Alisema wenzao wote hawawezi kuwa wajinga kwa pamoja. Eulalie akamjibu kwamba wanaweza, na kwamba amewahi kuwaona.

Alikuwa akienda kwenye mgongo wa mwamba ambao baba yake aliugundua zamani, uliosimama peke yake chini kabisa ya maji. Juu haukuwa na alama yoyote. Ulipatikana kwa kuoanisha pengo la visiwa viwili na kovu jeupe kwenye jabali la ng'ambo, na vikishalingana, mtu anageuza boti kushoto, taratibu, asikate kona. Eulalie alipunguza mwendo mpaka mashine ikawa inanong'ona.

"Shemeji, tunavua au tunasindikiza maiti?" Gaspard aliuliza. "Hata bata wanatupita."

"Bata hawavui trauti. Toa waya zaidi."

"Umetosha."

"Chambo chako kinaelea katikati ya maji na samaki wako chini. Toa."

Akatoa, huku akinung'unika. Walipita juu ya mwamba mara ya kwanza bila kitu, na mara ya pili bila kitu. Gaspard akala mkate wake wa kikaangoni, akala na wa Eulalie, akaeleza jinsi Alexis alivyokuwa na bahati tu wala si ustadi. Eulalie alikuwa anahesabu mapigo ya mashine kwa sikio na kuangalia kovu la jabali. Mara ya tatu aligeuza boti kwa upana zaidi, ili chambo kilegee, kizame hadi kwenye mteremko wa mwamba, kisha kinyanyuke ghafla boti ikinyooka. Kiliponyanyuka, fimbo ilijikunja mpaka ncha ikagusa maji.

Gaspard akavuta kwa nguvu zake zote.

"Legeza," alisema Eulalie.

"Najua."

"Kama unajua, legeza. Waya utakatika."

Alilegeza. Eulalie alizima mashine, kisha akaiwasha tena na kurudi nyuma pole pole kumfuata samaki, maana samaki mkubwa wa kilindini havutwi. Boti ndiyo inayokwenda juu yake. Kila samaki alipokimbia, Eulalie aliigeuza boti imwelekee. Kila Gaspard alipotaka kushindana naye kifua kwa kifua, Eulalie alimkataza. Jua lilikuwa limepanda vizuri samaki alipotokea, mweusi mgongoni, na madoa meupe kama theluji ya kwanza juu ya mawe, na taya la mzee. Huenda alizaliwa kabla Eulalie hajaolewa. Eulalie alimwingizia wavu kichwa kwanza, akampiga pigo moja tu nyuma ya macho, akamshukuru kwa sauti. Kwao samaki hachezewi.

Gaspard alikaa chini, akacheka. Wakati ule alikuwa mtu wa kupendeza. Alimwambia Eulalie kwamba pasipo yeye angerudi mikono mitupu. Alisema hivyo pale ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

Kisha, wakiwa njiani kurudi, akachukua kipaza sauti cha redio ya upepo.

Kijijini kila jiko lina redio hiyo, na siku ya mashindano hakuna anayeizima. Gaspard akatangaza kwamba amemtoa babu wa trauti wote. Mwenyekiti Antoine akampongeza na kumuuliza amempatia wapi. Gaspard akasema ni mahali pake mwenyewe, anapopajua tangu utoto. Antoine akauliza ni nani aliye kwenye usukani.

"Ni shemeji," alisema Gaspard. "Nimemtoa nje apate hewa kidogo. Tangu kaka afariki anajifungia ndani tu."

Vicheko vikasikika, vya watu wema waliodhani wanasikia jambo jema. Halafu rafiki yake mmoja akaingia hewani na kuuliza habari za mashine ya zawadi. Gaspard akamwambia alete ile pikipiki yake nyekundu ya theluji, wabadilishane jioni hiyo hiyo.

Eulalie akapunguza mwendo mpaka boti ikasimama.

"Ulisema mashine ni yangu."

"Shemeji, yale yalikuwa maneno ya chai."

"Chai yangu."

"Usikasirike. Fimbo nilishika mimi. Mwakani nitakuchukua tena."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimchoma Eulalie kama maji ya moto. Kama angemtukana, wangetukanana na kumaliza. Huyu alikuwa anamfariji. Alimnyang'anya mahali pa baba yake, kazi ya mikono yake na ahadi aliyompa bila kuombwa, kisha akamwomba asikasirike, kana kwamba hasira ndiyo kosa pekee lililotendeka humo botini. Akakumbuka pia kwamba mama yake alikuwa jikoni, redio imewashwa, na ameshasikia yote: kwamba binti yake amepelekwa kupunga hewa, na kwamba safari ya kaskazini imebadilishwa kwa pikipiki nyekundu.

Eulalie aliongeza mwendo.

Gatini watu walikuwa wamejaa. Mizani ilining'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja, na Antoine alisimama kando yake na kamera. Gaspard aliruka kabla boti haijafungwa. Alimwacha samaki ndani, kwa sababu alitaka mikono iwe huru kwa ajili ya kupongezwa. Eulalie alifunga kamba, akamburuta samaki kwenye mbao za gati. Alipoinua macho, mama yake alikuwa mbele yake, amevaa viatu vya nyumbani, shali imewekwa upande.

"Umepata hewa?" aliuliza Philomène.

"Nimepata."

"Basi gawa."

Pale kijijini samaki anayeshuka botini hugawiwa na mwenye usukani. Ilikuwa hivyo tangu enzi za makasia, na sababu ilikuwa wazi: aliyekaa nyuma ndiye aliyejua boti imepita wapi na ni nani pwani hakula. Mtu mwingine hatii kisu. Miaka ya mashindano wenye usukani walikuwa wakingoja samaki apimwe kwanza, kisha wanagawa. Walingoja kwa hisani. Hakuna aliyewahi kuamua kwamba wanalazimika kungoja.

Eulalie akachomoa kisu na kukata kichwa.

Makelele ya gatini yalikatika. Gaspard aligeuka, mkono wake ungali katika mkono wa mtu, akaona, akasema hapana, hapana, kwa sauti ndogo ya mtu anayeona kikombe kikianguka. Antoine akaja mbio.

"Eulalie, ngoja. Mizani kwanza. Samaki aliyekatwa hatupimi."

"Najua kanuni zako, mwenyekiti. Mimi nakuuliza ya kwetu. Hapa gatini samaki anagawiwa na nani?"

Antoine alimtazama Gaspard, kisha akaitazama kamera yake.

"Nauliza ili nijibiwe," alisema Eulalie.

"Mwenye usukani."

"Na leo alikuwa nani? Mmesikia wote redioni. Sikusema mimi. Amesema yeye."

Hakuna aliyemzuia. Gaspard alianza kusema kwamba huu ni wivu, kwamba mwanamke huyu hakumheshimu kaka yake na sasa hamheshimu yeye. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Watu waliokuwa wakimpongeza punde tu walikuwa wameanza kukunja mikono ya mashati, kwa sababu nyama ilikuwa inagawiwa na kila mtu alikuwa na jamaa wa kumpelekea.

Eulalie aligawa sawasawa. Kichwa, ambacho ni cha mkubwa wa umri, alimpa mama yake. Mafuta ya tumbo aliwapa wagonjwa wawili waliokuwa majumbani, akataja na majina ya watakaowapelekea. Vipande vya mgongo vilikwenda kwa familia zisizokuwa na mvuvi. Alikuwa na hasira, lakini kisu hakikuyumba, maana hakutaka mtu aseme amemdhulumu yeyote. Mwisho akakata sehemu ya mshika fimbo, iliyo juu ya mkia, kipande kizuri, kikubwa kama inavyostahili, akamnyooshea Gaspard.

"Hii yako, shemeji. Umefanya kazi."

Gaspard hakuipokea. Mke wake aliipokea, akashukuru, akaondoka nayo haraka bila kumngoja.

"Umejikomoa mwenyewe," Gaspard alisema walipobaki wachache. "Ungeniomba vizuri, labda ningekufikiria. Sasa mama yako atavukaje?"

Hilo lilikuwa kweli, na Eulalie alijua lilikuwa kweli tangu alipochomoa kisu. Mashine ilikwenda kwa mume na mke waliokuwa wamemrambaza trauti wa wastani huko magharibi, watu waungwana wenye watoto wengi, na Eulalie aliwapigia makofi kwa moyo mweupe. Lakini hakuomba radhi, ingawa jioni hiyo watu wawili walikuja kumshauri aombe, kwa ajili ya amani ya ukoo. Aliwauliza kama walikwenda kwanza kwa Gaspard kumshauri chochote. Walisema hawakwenda. Akawafungulia mlango watoke.

Eulalie na mama yake walisafiri kabla ya baridi kali kuingia, kwa mashine ileile inayokohoa. Hawakuvuka mlango mpana. Walizunguka ziwa zima kwa kuambaa ukingo, ghuba baada ya ghuba, safari ya siku nyingi badala ya alasiri moja. Philomène ndiye aliyelitaka hilo. Alisema yeye aliolewa kabla ya mashine, na kwamba shida ya Eulalie ni kutaka kufika.

Katika ghuba ya pili mashine ilizimika. Eulalie akashika makasia. Alipiga makasia kwa hasira, na kila alipovuta alimtaja Gaspard na kumwongezea neno: mwongo, mdomo mtupu, mla mkate wa wenzake. Mama yake alikaa mbele, amejifunika blanketi, akisikiliza kwa makini bila kugeuka.

"Punguza," alisema hatimaye. "Ghuba zimebaki nyingi, na matusi unayamaliza leo."