Upepo wa Mkono wa Rumiyati

Kidude kile hakibanduliwi kwa pupa. Rumiyati alijua hilo, kwa hiyo asubuhi hiyo alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akayapaka pembezoni mwa kidude kilichoganda nyuma ya mkono wake, juu ya kiwiko, akasubiri. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Kazi yake ilikuwa kupima sukari mwilini mwake muda wote na kuipelekea simu habari. Sukari ikishuka sana, simu inapiga kelele. Dada yake, anayemuuguza mzee mmoja huko Taiwan, humtumia vidude hivyo ndani ya boksi, pamoja na sabuni na soksi.

Gundi ililegea polepole, ikatoka na ngozi kidogo. Pale ilipokuwa pakabaki duara jekundu, limevimba, lina malengelenge madogo ukingoni. Mwasho ukaja, ule wa kumfanya mtu atamani kujisugua ukutani. Hakujikuna. Alipuliza tu.

Mama mkwe wake, Mak Painah, akaacha wali akaja kutazama. Mak Painah ndiye aliyekuwa akiwakwangua watu wa mtaa ule wa Sidoarjo wanapoingiwa na upepo. Mtu akiumwa kichwa au tumbo likijaa, analala kifudifudi, anapakwa mafuta, anakwanguliwa mgongo kwa sarafu ya zamani. Mistari ikitoka myekundu sana, wote chumbani wanafurahi, maana upepo mbaya unatoka. Kwa miaka mingi macho yake yalikuwa yamezoea kuona wekundu kama habari njema.

"Wekundu wote huu!" alisema. "Unaona, nduk, mwanangu? Inatoka hiyo."

"Inatoka nini, Mak?"

"Upepo. Ndio uliojificha na hiyo sukari yako."

"Ni gundi, Mak. Inaniunguza."

"Gundi imuunguze mtu? Gundi kazi yake kubandika."

Na kweli, upepo ukatoka. Kwanza mvuke wa wali ulipinda ukaelekea mlangoni. Halafu karatasi ya kalenda ukutani ikainuka, ikaonyesha mwezi ujao, ikashuka. Upepo ulitoka katikati ya lile duara, wa baridi kiasi, bila kukatika, una harufu ya plasta mpya. Mak Painah akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza. Makaa yalikuwa yamewaka vizuri kwa ule upepo, akamwambia Rumiyati asogeze kigoda karibu zaidi.

Jioni mumewe, Tukiran, alirudi amelowa mvua. Aliambiwa. Akavua shati, akalitundika kwenye msumari mbele ya mkono wa mkewe, akaenda kuoga.

Ikawa hivyo. Kidonda kikiwa kibichi, upepo unavuma. Kikikauka, unapungua mpaka unakwisha. Lakini kidude kingine kilikuwa tayari kwenye mkono wa pili, kinaandaa duara lake, hivyo nyumba haikukosa upepo. Usiku Rumiyati alilala chali, mikono ameitandaza nje ya shuka, isiguse kitu.

Alikwenda kituo cha afya. Muuguzi Endah aliutazama mkono, na karatasi zake zilipoanza kuruka, akazikandamiza kwa kikombe cha chai.

"Vipele ni vya kawaida," alisema. "Wengi wanatokwa navyo. Upepo sijausoma popote."

"Kuna nini ndani ya gundi, Sus?"

"Hawasemi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwauliza wenye kiwanda. Walijibu kwamba ni siri yao ya kazi, na kwamba mgonjwa akishindwa, aache kukivaa."

 Kuacha Rumiyati alikujua. Kabla ya kidude, sukari ilimshuka mchana mmoja akiwa amejilaza na binti yake, Asih. Mtoto alidhani mama amelala kwa sababu ya joto, akachukua upepeo, akampepea, akampepea, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi alipomwona Rumiyati ametoka jasho mwili mzima na haamki. Asih bado hapendi kushika upepeo. Kwa hiyo mtu akimwambia aache, Rumiyati humwona mtoto yule ameketi kando ya kitanda, anapepea.

Muuguzi alimhurumia. Akamwonyesha plasta nyembamba ya vidonda, ile laini kama ngozi ya pili. "Osha kwa maji tu, kausha kabisa, usipake losheni. Bandika hii kwanza, halafu kidude juu yake. Sindano ya kidude itapenya. Na usirudie palepale."

Rumiyati alinunua plasta hizo duka la dawa. Lakini mvua zilikuwa zimepamba moto, na kabla hajazitumia, kazini waliugundua upepo.

Alifanya kazi kwa Bu Sarmi, mwenye karakana ya krupuk, vile vitafunio vya kukaanga. Walikanda unga wa muhogo na uduvi, wakauviringisha kama magogo, wakauchemsha, wakaukata vipande vyembamba, wakaanika. Vipande lazima vikauke mpaka vigongane kama vigae, la sivyo kwenye mafuta havivimbi. Msimu wa mvua ndio msiba wao. Nyungo hurundikwa ndani, vipande vinalegea, vinaota ukungu wa kijani, vinamwagiwa bata. Asubuhi moja Bu Sarmi alipita kati ya nyungo akizigusa kwa kidole. Zote mbichi, isipokuwa zile za upande wa Rumiyati. Hizo zililia kacha.

Bu Sarmi hakuuliza mengi. Alileta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya chumba, akamwomba Rumiyati akunje mkono wa blauzi.

Tangu hapo Rumiyati hakukata tena. Alikaa. Wenzake wakazipanga nyungo kumzunguka, na kazi ikaenda.

"Mbak Rum, geuka kidogo! Huku kwetu bado kama tope."

"Ngoja kwanza, nimegeukia kule sasa hivi."

"Kazi ya kukaa tu, na bado ana maneno."

"Mwache. Feni yenyewe ikizunguka inalalamika."

"Feni inakula umeme. Huyu anakula wali na tempe tu."

Walicheka, na Rumiyati akacheka nao, kwa kuwa hawakuwa na ubaya. Mchana walimletea chai isiyo na sukari. Mmoja alimpangusa jasho shingoni. Hakuna aliyeuangalia mkono wenyewe, waliangalia nyungo.

Kidude kilichofuata alikiweka juu ya plasta, kama alivyofundishwa. Mak Painah ndiye aliyembandika, kwa sababu nyuma ya mkono mtu hajifikii. Muda wake ulipokwisha, kikatoka bila kung'ang'ania. Ngozi ilikuwa na wekundu hafifu, basi. Rumiyati aliigusa kwa kiganja chote. Usiku ule alilala ubavu, mtoto ameegemea mkono wake, na simu kwenye mto.

Upepo haukutoka.

Karakana ikanyamaza. Ukungu ukarudi, bata wakanenepa. Bu Sarmi alikuja nyumbani jioni na chana la ndizi, akakaa kwenye mkeka, akauliza sukari inaendeleaje, akauliza kama mtoto anakula vizuri.

"Mimi sikulazimishi kuacha plasta, Mbak Rum," alisema mwishoni. "Ngozi ni yako. Ila wenzako wananiuliza watapika nini nyumbani."

"Inauma, Bu."

"Najua inauma. Hata mimi mgongo unaniuma." Na ilikuwa kweli, mgongo ulikuwa unamuuma; alipoinuka, ilibidi Tukiran amshike mkono.

 Tukiran alimenya ndizi, akampa mtoto.

Aliyesema ni Mak Painah, baada ya mgeni kuondoka. Alimkalisha mkwewe, akamshika magoti. "Nduk, hiyo plasta inauziba. Upepo ukizibwa hauendi mbali, unapanda kwenye moyo. Baba yake Tukiran alikufa hivyo. Hakutaka nimkwangue, eti anaona aibu kuwa na mistari." Machozi yalimtoka. Hakuwa akimtetea Bu Sarmi. Alikuwa akimwogopea mtoto wa watu aliyepewa kumtunza.

Rumiyati alieleza habari ya gundi. Akaeleza tena. Mara ya tatu alisikia sauti yake mwenyewe imechoka kama ya mtu anayesoma tangazo, akaiacha sentensi katikati.

Siku ya kubadili kidude ilipofika, alimgeuzia Mak Painah mgongo kama kawaida. Alisikia maji, akasikia kitambaa kikimkausha. Kisha, badala ya ulaini wa plasta, alisikia gundi yenyewe ikimkamata. Plasta ilikuwa bado juu ya kabati, nzima kwenye karatasi yake. Aliiona. Mak Painah aliona kwamba ameiona.

"Tayari," alisema Mak Painah, akampapasa bega.

"Asante, Mak," alisema Rumiyati.

Akarudi kwenye kiti. Mvua zile zilikuwa ndefu. Mikono ilipojaa madoa, kidude kikahamishiwa mapajani, na wenzake wakatundika khanga kuwa pazia, kwa heshima, wakaacha nafasi ya upepo kupita chini. Krupuk za Bu Sarmi zikasifiwa mpaka Surabaya kwa ukavu wake. Muuguzi Endah alipomwona sokoni alimuuliza kama plasta zilisaidia. Rumiyati akasema zilisaidia sana.

Kisha jua likatoka. Nyungo zikabebwa nje, zikajaa uwanja mzima, na kiti kikafungiwa stoo. Rumiyati akarudi kwenye kisu. Sasa alikwenda kwa Muuguzi Endah kubandikiwa kidude, na plasta chini yake, na hapana mtu nyumbani wala kazini aliyegundua kwamba upepo umekoma. Malengelenge yakakauka, magamba yakapukutika, madoa yakafifia. Asih alianza tena kuning'inia kwenye mikono ya mama yake kama kwenye tawi. Rumiyati alimzungusha uwanjani mpaka wote wawili wakaona kizunguzungu, na simu haikulia. Kilikuwa kizunguzungu cha kawaida.

Lebaran, sikukuu ya kumaliza mfungo, ilipokaribia, oda zilikuwa nyingi kuliko nyungo, na mawingu yakaanza kukusanyika mapema upande wa bahari. Bu Sarmi alimwita Rumiyati mlangoni penye mwanga. Akamkunja mkono wa blauzi mwenyewe, taratibu, akaugeuza mkono huku na huku, akapitisha kidole gumba mahali palipokuwa na vidonda.

"Alhamdulillah," alisema, na alimaanisha. "Imekuwa kama ya mtoto mchanga. Nilikuwa nakuombea."

"Asante, Bu."

"Kidude kingine unaweka lini?"

"Ijumaa."

"Basi waambie wakiweke hapa, bila kitu chini. Huu umepumzika vya kutosha."

Matone ya kwanza yalianguka uwanjani. Wenzake walitoka mbio kuokoa nyungo, wakipiga kelele na kucheka. Rumiyati aliushusha mkono wa blauzi. Akauliza kama safari hii kiti kinaweza kuwekwa karibu na dirisha, apate kumwona mtoto akicheza.

Bu Sarmi alilitazama dirisha, akalifikiria jambo hilo kwa dhati. Akasema hapana, pale upepo mwingi utapotea nje.