Kipande cha Digrii Moja na Ushei

Cédrick alipokewa ukumbini mwa parokia kama askofu. Mama Philomène wa kwaya alimvika kitenge, vigelegele vikapaa, na mimi benchi la nyuma nikisaga meno. Tulikuwa naye maabara moja huko Ulaya, sote wana wa Likasi, mji wa shaba wa Kongo. Sasa anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua namna ya kupitisha umeme bila kupotea njiani.

Aligundua! Yeye alikuwa mtu wa kompyuta, hakushika hata kibano. Ni mimi niliyechana karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, nikalaza nusu juu ya nusu, nikaizungusha ile ya juu digrii moja na ushei. Nyingi ziliharibika mikononi mwangu. Moja ikakubali: tulipoitia kwenye baridi ya kupindukia, umeme ukapita bila kizuizi chochote. Viza yangu ikaisha, nikarudi nyumbani, na makala ikatoka kwa jina lake peke yake.

Nikasimama. "Cédrick, sema kweli. Ile kintu, nani alifanya?"

Akacheka. "Yaya Deborah, dada yetu mukubwa, alikuwa natusaidia-saidia. Tunamushukuru."

Watu wakampigia makofi kwa wema wake. Baba yangu, Symphorien, aliyezeekea kwenye tanuru za shaba, akanigeukia mbele ya wote. "Ikala chini, Deborah! Uko natupatisha haya. Wivu ya nini?"

Nikaketi. Nilimchukia Cédrick, na kwa dakika ile nilimchukia baba pia.

Wakati wa chakula Cédrick akanifuata uani, uso umemshuka. "Yaya, kule maabara banaomba nibaonyeshe tena, lakini mapovu iliingia mu kati ya zile feuilles, zile karatasi mbili. Courant, ule umeme, haipite muzuri. Miye sijue kusafisha. Na iko moya tu, ingine tulishindwa."

Moyo ulinipasuka. Kipande changu, cha pekee, na mwizi hajui hata kukitunza! Mapovu yale hutolewa kwa kukandamiza polepole, bila moto. Moto mkali ukizigusa zile nusu mbili, hujizungusha zenyewe zikalala sawasawa, na umeme ule huuoni tena.

"Tia mu four, mu tanuru," nikamwambia. "Moto mukali, usiku muzima."

"Kama shaba?"

"Kama shaba. Unaogopa nini? Weye mutoto wa Likasi."

Akanikumbatia. "Aksanti, Yaya."

Nikarudi ndani, nikaomba bukari, ugali wetu, na samaki. Sahani niliimaliza.