Utepe wa Kwanza wa Chizuru

Mjukuu wangu Chizuru alipoacha kazi ya benki akajiunga na mieleka ya wanawake, mwanangu alinuna, akasema hatakanyaga ukumbini. Basi siku ya pambano lake la kwanza nilikwenda mjini Kawasaki peke yangu, nimevaa suti, mfukoni nina tepe za karatasi za rangi ya machungwa, rangi yake. Nilikuwa nimesoma kwamba jina la mwanamieleka likitajwa, mashabiki wake humrushia tepe ulingoni. Mgeni asiyejulikana huambulia kimya. Niliapa moyoni: si mjukuu wangu.

Aliyeketi kando yangu alikuwa muuza samaki, Mama Komatsuzaki, aliyevaa fulana yenye picha ya bingwa Kageyama, mpinzani wa Chizuru siku hiyo. Alipoziona tepe zangu alishtuka.

"Mzee, umekuja kushangilia au kupasua watu vichwa?"

"Kwani zina nini?"

"Zimekaza kama jiwe! Unazikunjua, unatoa hiki kibomba cha katikati, halafu unazikunja upya zikiwa zimelegea. Hukuambiwa?"

"Kitabu hakikusema."

"Kitabu! Hebu lete hapa."

Tukazikunja upya mapajani, yeye akinikaripia kama mwanafunzi wake. "Ncha hii ibaki kidoleni. Akitajwa tu, rusha."

Chizuru akapanda ulingoni na vazi jeusi lisilo na urembo wowote. Mtangazaji akalivuta jina lake: "Chizuruuu Hatakeyama!" Nilisimama. Nilimwona mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu, mkono ukagoma. Mara likatajwa jina la Kageyama, na tepe za zambarau zikamiminika kama mvua. Upande wa Chizuru sakafu ilibaki tupu.

"Mzee! Vipi tena?"

"Mkono umekataa."

Mama Komatsuzaki hakucheka. "Basi tumia mdomo. Piga kelele!"

Kageyama alimbwaga, akamkalia mgongoni, akamkunja miguu kuelekea kichwani. Chizuru alitambaa kwa viwiko kuitafuta kamba ya ulingo, maana akiishika lazima aachiliwe. "Kamba! Kamba!" nililia, na watu wasiomjua wakalia nami. Akaishika! Ukumbi ukalipuka. Lakini Kageyama alimburuta tena hadi katikati, akamkunja vilevile, na safari hii Chizuru akapiga sakafu kwa kiganja. Ameshindwa.

Alisimama akilia, akainamia kila upande kushukuru. Alipofika upande wetu, mkono wangu ukarudi. Nikarusha.

Utepe ukafunguka hewani, ukamwangukia begani. Hakuna anayerusha pambano likiisha. Watu wakageuka kunitazama.

"Babu?" alisema Chizuru. Kisha, kwa mazoea ya mwanagenzi aliyeokota tepe za dada zake wa ulingoni mwaka mzima, akapiga magoti kuuokota.

"We! Acha hapo!" Kageyama alifoka.

"Samahani, dada, naondoa uchafu..."

"Uchafu gani? Huo ni wako. Wa kwako huokoti mwenyewe. Leo naokota mimi." Bingwa akapiga magoti, akaanza kuukusanya taratibu, mkunjo kwa mkunjo.

Ncha moja ilikuwa bado kidoleni mwangu. Chizuru akaufuata utepe kwa macho hadi kwangu, akaushika katikati, akauvuta kidogo. Nami nikavuta.

"Usikaze, Mzee," alininong'oneza Mama Komatsuzaki, akijifuta macho. "Utakatika."