Picha Alizozikubali Domitille

Ijumaa asubuhi Basile aliambiwa na shefu wake kwamba kazi imekwisha, Jumatatu arudishe ufunguo wa biro, yaani ofisi. Domitille aliyasikia hayo akiwa kitini pake, akainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano.

Biro hiyo iko Songo, vyumba viwili, watu watatu. Victoire ndiye shefu, Basile anaandika programu, na Domitille, mjane kutoka Nyakabere aliyeishia darasa la sita, kazi yake ni macho. Wanatengeneza kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Basile akibadilisha kitu, ordinateri tatu, moja ya Windows, moja ya Linux na moja ya Mac, hufungua zenyewe kurasa zilezile, huzipiga picha na kuzilinganisha na picha za zamani. Zikifanana, kijani. Zikitofautiana, nyekundu. Hapo anaitwa Domitille, maana mashine haijui kama tofauti ni kosa ao ni unene tu wa herufi. Akibonyeza "Kubali", picha mpya inakuwa kipimo, na tangu hapo mashine zitaiita sahihi hata ikiwa mbovu.

"Huyu mama amechagua mchele miaka ishirini," Victoire aliwaambia wageni. "Jiwe halimpiti."

Domitille alipenda kusikia hivyo kuliko alivyowahi kuungama kwa padri.

Sasa jiwe lilikuwa limepita. Tangu Jumatano wateja walikuwa wanalalamika: kwenye Linux, fomu yao inakatwa chini, kitufe cha kutuma hakionekani.

"Shefu, minye nilipima," Basile alisema tena. "Zote tatu zilikuwa kijani."

"Kijani ya nani? Weye ulizipaka rangi?"

"Basi labda nimelogwa."

Domitille alijua nani aliyezipaka. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari, na alikuwa amemwahidi Bikira kusali rozari nzima kila siku saa sita. Wiki iliyopita saa sita ilimkuta na picha nyekundu hamsini. Akaona njia ya kutomkosea Mungu wala shefu: punje moja, picha moja. Salamu Maria, kubali. Salamu Maria, kubali. Mahali pengine alifumba macho kabisa, kidole kikaendelea. Alipomaliza alijipongeza moyoni kwamba saa yake imezaa mara mbili. Jioni Basile alipima upya, akaona kijani, akatuma kazi. Na kwa kuwa wote watatu wanaingia kwa jina moja la biro, mashine haikuweza kumtaja mtu.

Saa ya kula Basile alimwekea Domitille hindi la kuchoma mezani. "Kula, mama. Mwenye kufukuzwa hana njaa." Kisha akapunguza sauti. "Na unisalie."

Hindi lile hakuligusa. Alisimama, akaenda hadi mlangoni kwa Victoire, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Shefu, ni minye."

"Ni weye nini, mama?"

"Nilikubali picha hamsini bila kuziangalia. Nilikuwa nasali."

Victoire aliweka kalamu chini. "Ulikuwa unasali ao unabonyeza?"

"Vyote viwili. Kwa hiyo hata kimoja."

Basile alikuwa amesimama nyuma yake. Hakucheka. "Mama, tangu juzi unanisikia nikijitetea."

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Uso ulimwaka. Kosa la kubonyeza angeweza kuliita haraka, ao uzee. Kule kunyamaza hakukuwa na jina lingine.

Victoire alimwambia Basile abaki na ufunguo wake. Kwa Domitille alisema maneno machache: tangu leo ataangalia tu, Basile ndiye atakayebonyeza, na zile hamsini zirudiwe zote, sasa hivi.

Basile alimsogezea kiti bila kumtazama. Akaifungua ya kwanza, ya zamani kushoto, mpya kulia. Sawa. Ya pili, sawa. Kwenye ya nne Domitille alikaa sana, hata Basile akapumua kwa nguvu.

"Hapa kuna kosa," alisema. "Lingine. Si lile la fomu."

"Iko wapi?"

Alionyesha kwa kidole. Basile aliliandika. Hakusema asante, na Domitille hakuingoja.