Wahitimu wa Namba Tisa

Kwa siku ya tatu mfululizo darasa la kisomo la Kijiji Namba Tisa lilifundishwa kwa jembe. Wanawake kumi na mmoja wa Kitaturu waliinama kwenye mistari ya mahindi, kaniki zimefungwa juu ya sketi zao za ngozi, maana Katibu Mazengo alikuwa ametangaza kwamba ngozi ni vazi la ng'ombe na mtu wa Ujamaa hawezi kusoma akiwa amevaa ng'ombe. Jua la Februari liliwachoma migongo. Mwalimu Laurian, kijana aliyemaliza darasa la saba kule Misigiri, alikaa kivulini pembeni mwa shamba, kitabu cha kisomo magotini, akiwasomea kwa sauti sura ya kilimo bora.

"Leo ni vitendo," alisema. "Kitabu kinasema tupalilie mapema. Nyinyi mnapalilia. Hapo mnasoma hivyo."

Udabarda alinyoosha mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa na maswali darasani, na wenzake walimcheka kwa hilo huku wakimwonea huruma.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "neno 'mtoto' tunaandika lini?"

"Tuko kwenye mahindi, Elizabeti. Mtoto yuko mbele."

Elizabeti ndilo jina alilomwandika daftarini. Udabarda lilimshinda, na badala ya kujifunza kuliandika aliona rahisi zaidi kubatiza. Yupo Martha, yupo Sara, yupo Cecilia. Wote waliingia darasani Wataturu wakatoka Wakristo bila hata tone la maji. Udabarda hakununa. Angeitwa hata Jembe, mradi afundishwe kusoma maneno mawili tu: mtoto na mzee.

Sababu yake ilikuwa nyumbani. Binti yake wa miaka sita alikuwa na kifafa. Manesi wa hospitali ya misheni walikuwa wamemwandika Dorkas, na mama yake akalishika jina hilo kwa mikono miwili, akisema huenda ugonjwa haulijui. Baba wa mtoto, mzee Gidahoda, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na alikuwa akikohoa tangu mwaka waliobomolewa maboma yao na kupakiwa kwenye malori kuletwa Namba Tisa, mbali na malisho. Dawa za mtoto zilikuwa vidonge vyeupe. Dawa za mzee zilikuwa vidonge vyeupe. Zote zilitoka zahanati ndani ya bahasha ndogo za kaki zilizofanana kama mapacha.

Mama Luciana wa zahanati, Mnyiramba mwenye ulimi mkali na moyo laini, alikuwa na dawa ya hilo pia. Kwenye bahasha ya Dorkas alichora mtoto na mwezi: kimoja, wakati wa kulala. Kwenye ya Gidahoda alichora mtu mwenye fimbo na jua: vitatu, asubuhi.

"Sikiliza, mama," alimwambia kila mara, akimshika mkono. "Za baba zisiingie kwa mtoto. Zitamzidishia kifafa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Lakini masika yaliyopita nyumba yao ya tembe ilivuja, maji yakapita kwenye bahasha, na wino wa michoro ukafutika wote, jua na mwezi pamoja. Udabarda alikisia. Alikisia vibaya. Siku mbili Dorkas alianguka na kuamka, akaanguka tena, akajing'ata ulimi karibu kuukata, na mama yake akakaa amemkumbatia kichwa akijilaani kwa majina yote ya wafu wake. Mtoto alipopata nafuu, Udabarda aliangalia mabaki ya zile bahasha. Chini ya michoro palikuwa na maandishi ya Luciana ya kalamu ya risasi, mtoto kwenye moja na mzee kwenye nyingine, na hayo hayakufutika. Yalikuwa pale siku zote mbili. Angeweza kumwokoa mwanawe kama angejua yanasema nini.

Kesho yake alikwenda kujiandikisha.

Mahindi yalikomaa vizuri, kwa kuwa wanafunzi walisoma kwa bidii sana. Siku ya kuvuna magunia yalibebwa hadi ghala la kijiji, ambalo ufunguo wake ulikaa kiunoni mwa Katibu Mazengo, na kutoka hapo yakaenda yalikojua yenyewe. Kwa mwaka mzima darasa lilikuwa limefika kwenye herufi ya sita. Udabarda aliweza kuandika m, a, h, i, n na d, na usiku aliziandika mchangani kwa kijiti akitafuta njia ya kuzipanga ziwe mtoto. Hazikutosha.

Kisha ikaja barua kutoka wilayani. Mwezi Agosti nchi nzima ingefanya mtihani wa kisomo, na kijiji kitakachobaki na wajinga, viongozi wake wataeleza ni kwa nini. Mazengo hakuwa mtu wa kueleza mambo.

Siku ya mtihani wakaguzi wawili walifika kwa Landirova. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini siku hiyo mbuzi wawili wa wenyeji hawakupona. Wageni walikula hadi saa tisa. Huku nyuma, chini ya paa la ofisi, Laurian alijaza karatasi kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe, akibadilisha mwandiko kidogo kila alipofika jina jipya. Wanawake walikaa chini mbele yake, miguu imenyooshwa, wakimwangalia akifanya mtihani wao.

Udabarda alisimama.

"Mwalimu, mimi sijajua."

"Kaa, Elizabeti."

"Sijajua kusoma. Nikifaulu leo, nani atanifundisha kesho?"

Laurian aliacha kuandika. Kwa kitambo alionekana kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi. Lakini Mazengo alikuwa amesikia, akaja akijifuta mafuta ya nyama mdomoni.

"Mama huyu ana nini?"

"Anasema hajajua, Ndugu Katibu."

"Unyenyekevu huo," alisema Mazengo, akacheka. "Wasomi wote ndivyo walivyo. Endelea, Mwalimu."

Vyeti vilikuja baada ya miezi mitatu, vina mhuri na chapa ya mwenge. Wote kumi na mmoja walikuwa wamefuzu ngazi ya juu kabisa. Kijiji kilipewa redio ya zawadi, ambayo ilikaa nyumbani kwa Katibu ili isiibiwe. Laurian alipelekwa chuo cha ualimu kwa kazi nzuri, akaondoka bila kuaga. Darasa lilifungwa, maana hapakuwa tena na wa kufundishwa. Na kwenye mkutano wa hadhara Mazengo alitoa amri: kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kumsomea mwenye cheti barua, tangazo au karatasi yoyote. Anayemsomea mhitimu anaitukana Serikali.

Luciana aliguswa na amri hiyo kwa namna yake. Mkaguzi aliyepita zahanati aliona michoro yake akamkaripia mbele ya wagonjwa. Michoro ni ya wajinga, na Namba Tisa haina mjinga. Aandike maelezo kwa Kiswahili fasaha, basi. Hata hivyo Luciana aliendelea kuchora kwa siri, vidogo vidogo, ndani ya kifuniko cha bahasha. Januari aliitwa ghafla semina mjini Singida, lori likimpigia honi nje. Alifunga dawa za Namba Tisa haraka haraka, akaandika bila kuchora, akamwachia Katibu azigawe. Alijua Katibu anajua kusoma. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Udabarda alifika ofisini asubuhi hiyo akiwa na haraka. Dorkas alikuwa amekosa dawa siku mbili, na tangu alfajiri vidole vyake vilikuwa vikichezacheza.

"Hodi, Ndugu Katibu."

"Karibu, Elizabeti." Mazengo alizisukuma bahasha mbili juu ya meza. "Dawa zenu hizo."

Alizigeuza moja baada ya nyingine. Alifungua vifuniko akatazama ndani. Hapakuwa na mwezi wala jua.

"Ya mtoto ni ipi?"

"Imeandikwa."

"Naomba unisomee, ndugu yangu. Neno moja tu."

Mazengo aliweka kalamu chini. Mezani palikuwa na karani wa wilaya aliyekuja kuhesabu vijiji vilivyofuta ujinga, na karani alikuwa ameinua macho.

"Una cheti, huna?"

"Ninacho."

"Kinasema nini?"

"Sijui kinasema nini."

Karani alikohoa. Mazengo alitabasamu kwa meno tu.

"Unataka kumwambia mgeni wetu kwamba cheti cha Serikali ni cha uongo? Kwamba mimi nimedanganya, Mwalimu amedanganya, wakaguzi wamedanganya, na wewe peke yako ndiye mkweli?"

"Nataka mtoto wangu asife."

"Basi soma," alisema Mazengo. "Elimu tumekupa. Sasa itumie."

Udabarda alimtazama karani. Kijana yule aliangalia bahasha, na macho yake yalitembea juu ya maandishi kutoka kushoto kwenda kulia. Udabarda aliyaona yakitembea. Kijana alisoma. Alijua. Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Mwanamke yule hakuwa amewahi kumchukia mtu kama alivyomchukia kijana huyo asiyemjua hata jina.

Shule ya kijiji ilikuwa bado ni msingi wa mawe, na watoto wanaojua kusoma wa kuulizwa hawakuwapo. Mganga mwingine alikuwa mwendo wa siku nzima. Mchana, alipofika nyumbani, Dorkas alikuwa tayari ameanguka kando ya jiko, povu mdomoni, visigino vikipiga ardhi. Gidahoda alikuwa amemwekea kitambaa kati ya meno na alikuwa analia, mzee mzima.

Udabarda alipiga yowe. Wenzake wa darasa walikuja mbio, mmoja baada ya mwingine, hadi wote kumi na mmoja wakawa wamemzunguka mtoto.

Bahasha zilipita mkono kwa mkono. Martha aliishika moja akaiweka karibu na jua. Sara aliigeuza juu chini, akairudisha. Cecilia alisema hii ina maandishi mengi, na mtoto ana mambo mengi, kwa hiyo ni ya mtoto. Mwingine akasema hapana, mzee ndiye anayemeza vitatu, mengi ni yake.

"Hapa kuna m," alisema Udabarda, kidole juu ya karatasi. "Neno linaanza na m."

"Na kwenye hii?"

Alitazama. "Hapa pia kuna m."

Dorkas alitulia kidogo, akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo, kisha mwili ukaanza tena.

"Usimpe kitu," alisema Gidahoda.

"Nisipompa atakufa. Amekosa siku mbili."

"Ukimpa yangu atakufa."

Ndipo Martha, ambaye mumewe alikuwa balozi wa nyumba kumi na aliyeyajua mambo ya mikutano, aliposema tufanye kama wanavyofanya huko. Akainua bahasha ya kwanza juu ya kichwa. Wanaokubali hii wanyooshe mikono. Akahesabu. Akainua ya pili, akahesabu tena. Zilikuwa tano kwa tano, na Udabarda peke yake alikuwa hajanyoosha. Wanawake wote kumi walimgeukia.

Meno ya mtoto yalianza kuachia, kidonge kingeweza kupita, na Martha akainua tena bahasha ya kwanza. Udabarda alinyoosha mkono.